Bima ndogo ya gari iliyomgonga mama ni ya mama

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Morogoro, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo kaka. Mama yangu ana miaka 54, anauza vitumbua. Mwezi wa pili aligongwa na Noah karibu na Msamvu akivuka barabara asubuhi, mguu umevunjika sehemu mbili, amewekewa vyuma. Dereva alimkimbiza hospitali akalipa laki mbili, baada ya hapo simu hapokei. Juzi kaja na mzee mmoja wa mtaani kwao, anasema gari ina bima ndogo tu na bima ndogo hailipi kitu, kwahiyo atatupa laki tano tukaandikishane kituoni yaishe. Mama anataka kukubali maana madeni yamemzidi. Tufanyeje?"

Marahaba dada, na pole sana, mfikishie na mama pole yangu. Mimi nimekaa kwenye mambo ya madai ya bima miaka mingi na swali lako nimelisikia kwa sura tofauti tofauti, ila hilo neno la "bima ndogo hailipi kitu" ndo linaniuma kila nikilisikia, maana limewanyima haki watu wengi sana ambao hawakuwa na kosa lolote zaidi ya kutembea kwa miguu.

La haraka kwanza: msisaini kitu chochote kituoni wala nyumbani mpaka umalize kusoma hapa. Laki tano haikimbii, kama kweli anayo leo na wiki ijayo atakuwa nayo.

Sasa twende kwenye hiyo bima ndogo. Jina lake lenyewe linasema, bima ya mtu wa tatu. Mtu wa kwanza ni mwenye gari aliyekata bima, wa pili ni kampuni ya bima, wa tatu ni nani? Ni mama yako. Ni yule aliyekuwa anavuka zake, hana mkataba na mtu yeyote, hajui kampuni wala ofisi yao ilipo. Bima hiyo imetengenezwa kwa ajili yake. Kinachowachanganya watu ni kwamba bima ndogo haitengenezi gari ya mwenye bima, Noah ikibonyea boneti au kioo kikapasuka anajigharamia mwenyewe, ndo maana madereva wamejengeka akilini kwamba "hailipi". Kwake yeye ni kweli hailipi, ila kwa mama inalipa. Na hata angekuwa na ile bima kubwa, kinachomlipa mama ni kilekile kipande cha mtu wa tatu kilichomo ndani yake, tofauti kubwa ingekuwa kwenye gari yake tu.

Na hii sio hiari ya mtu. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, asili yake ni ya mwaka 1945 enzi za mkoloni na mpaka leo inasema huruhusiwi kutembeza gari barabarani bila bima inayofidia kifo au majeraha ya mtu mwingine. Angalia hapo, sheria haikulazimisha watu wakatie bima magari yao yasiibiwe au yasiungue, hilo waliacha kila mtu aamue, ila mwili wa mtu mwingine walisema hapana, lazima. Ile 118,000 ambayo watu wa magari binafsi wameizoea kulipa kwa mwaka pamoja na VAT wengi wanaiona kama kodi ya kumfurahisha trafiki, kumbe ndo mguu wa mama yako unapotakiwa kutibiwa.

Lakini hapa nikwambie ukweli usije ukaenda na matumaini yasiyo sahihi. Bima ya mtu wa tatu hailipi kwa sababu tu umegongwa. Inalipa pale dereva wao alipokuwa na makosa, maana kampuni inabeba deni la mteja wake, kama mteja hadaiwi na kampuni haidaiwi. Kwahiyo kazi yenu kubwa ni kuonyesha uzembe wa dereva, alikuwa mwendo gani (maeneo ya makazi na mijini mwisho ni 50), mama alikuwa kwenye zebra au sio, kulikuwa na mwanga, alipiga breki au alikuwa kwenye simu. Ndo maana nakuuliza, kesi ya trafiki imefikia wapi? Hujaigusa kabisa kwenye maelezo yako na kwangu mimi hiyo ndo kiini cha jambo lote.

Iko hivi. Askari wa usalama barabarani walipima eneo, wakachora mchoro wa ajali, gari ikakaguliwa na mkaguzi, dereva akaandika maelezo. Kama waliona ana kosa anapelekwa mahakamani, anaweza kukiri akapigwa faini siku hiyohiyo na mkasikia kwamba "ameshalipa". Hiyo faini ni ya serikali, mama haimhusu hata senti. Ila ile hukumu ni dhahabu kwenu, kwasababu Sheria ya Ushahidi inasema hukumu ya jinai ya mtu aliyetiwa hatiani ikishapita muda wa rufaa inakuwa ushahidi kamili kwamba alitenda lile kosa, hawezi tena kuja kwenye madai ya fidia akaanza kusema mama ndo alijirusha mbele ya gari. Sasa fikiria mkikubali kuandikishana kituoni "tumeelewana", kesi inapoa, jalada linafungwa, hukumu hakuna, na miezi sita baadae vyuma vikisumbua mkienda kampuni ya bima mnaulizwa nakala ya hukumu mnabaki mnaangaliana. Nimewaona watu wa namna hiyo wamekaa kwenye benchi la mapokezi na bahasha kubwa ya eksirei mapajani, ushahidi wa maumivu wanao wote, ila wa kosa hawana, na yule wa dirishani hana la kuwasaidia.

Kwahiyo kesho nenda trafiki, muulize mpelelezi wa jalada, chukua namba ya jalada uiandike kwenye daftari, uliza kama imeshapelekwa mahakamani na kama bado ni lini. Kama ilishaisha, omba mahakamani nakala ya hukumu au mwenendo iliyogongwa muhuri. Nenda kwa heshima ila nenda mara nyingi, mtu anayeonekana kila wiki jalada lake haliendi chini ya meza.

Jambo la pili ni hiyo bima yenyewe, usikubali kuambiwa kwa mdomo. Namba ya gari unayo? Hata kama huna itakuwepo kwenye taarifa ya polisi. TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, wana mfumo wao wa mtandaoni unaitwa TIRA MIS, unaingiza namba ya usajili wa gari au namba ya stika unaona kama bima ni halali, ya kampuni gani, imeanza lini inaisha lini. Fanya hivyo leo hata kwa simu, alafu piga picha ile skrini. Angalia tarehe kwa makini sana, kinachotakiwa ni bima iwe hai SIKU YA AJALI, sio leo. Kuna watu wanakata bima jioni baada ya kugonga asubuhi, na kuna wengine bima imeisha leo wanakwambia "haina bima" wakati siku ile ilikuwa hai kabisa. Stika ya bandia nayo ipo, kwenye kioo inaonekana safi ila kwenye mfumo haipo.

Mnachotafuta hapo ni vitu vitatu tu: jina la kampuni, namba ya bima au kavanoti (ile hati inayoonyesha gari imekatiwa bima), na jina la mwenye gari. Mwenye gari na dereva mara nyingi ni watu wawili tofauti, na wote wawili mnawadai, dereva kwasababu aligonga na mwenye gari kwasababu dereva alikuwa kwenye kazi yake. Mkikuta kadi ya gari ina jina la mtu mwingine kabisa aliyeuza zamani na hakubadilisha umiliki, msikate tamaa, jina lililopo kwenye usajili ndo mnaanza nalo, yeye ndo ataonyesha alimuuzia nani.

Sasa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu anayoijaza daktari. Naamini mlipewa, maana bila hiyo hospitali wangewasumbua. Itoe uisome dada, usiiweke tu kwenye mkoba. Kuna kitu nimekiona mara nyingi mno. Mgonjwa anafika mapokezi ya dharura usiku au alfajiri, daktari wa zamu ana watu kumi, anaangalia haraka anaandika kwamba ni majeraha ya nyama tu, anagonga muhuri. Kesho yake eksirei inatoka mfupa umevunjika. Fomu imebaki vilevile. Mwaka mmoja baadae mtu wa kampuni anaweka ile fomu mezani anakwambia "daktari wenu mwenyewe anasema hakuna kilichovunjika". Kama PF3 ya mama iko hivyo rudi hospitali alikofanyiwa upasuaji, omba ripoti kamili ya daktari wa mifupa inayoeleza mfupa upi, umevunjika sehemu ngapi, amewekewa nini, amelazwa siku ngapi, atahitaji nini mbele, na baadae akishatulia waombe wamtathmini ulemavu kwa asilimia. Hiyo asilimia ina uzito mkubwa sana kwenye hesabu kuliko picha za mguu kwenye WhatsApp.

Hesabu yenyewe ikoje? Hapa watu huwa wanataka niwatajie mguu bei gani, na sina bei kwasababu hakuna bei. Kuna fungu la gharama halisi, yaani kila ulichotoa mfukoni, na hilo linalipwa kwa risiti, Mahakama ya Rufani imeshasema mara nyingi kwamba hasara ya namna hii lazima itajwe waziwazi na ithibitishwe kikamilifu, sio kukadiria. Alafu kuna fungu la maumivu, ulemavu, maisha kubadilika, hilo ni busara ya mahakama au mazungumzo na kampuni, na linaendana na ukubwa wa jeraha, umri wake na kazi yake. Na katikati kuna kipato kilichopotea, na hapo ndo akina mama wa biashara ndogo wanaonewa kwasababu hawana salary slip.

Kwahiyo mjengee mama ushahidi wa vitumbua vyake. Anaamka saa tisa usiku anasaga mchele, anapika kilo ngapi, anauza ngapi kwa siku, unga na mafuta anachukua duka gani kwa mkopo? Yule mwenye duka ana daftari, kamuombe akupigie nakala za kurasa zenye jina la mama. Wateja wengine wanalipa kwa simu, chukua taarifa ya miamala ya miezi sita kabla ya ajali uiweke pembeni ya ile ya miezi baada ya ajali, mtu yeyote mwenye macho ataona pale biashara ilipokatika. Kama alikuwa na kile kitambulisho cha mjasiriamali cha 20,000 kitafute. Chukua na barua ya mtendaji wa mtaa kwamba anamfahamu kwa biashara hiyo tangu mwaka gani. Kimoja kimoja havina nguvu sana, ila vikikaa pamoja vinaongea.

Na risiti dada, kila kitu. Hospitali ya serikali unalipa kwa control namba risiti ipo, ya duka la dawa idai, magongo, bandeji, chakula cha mgonjwa. Bodaboda na bajaji hawatoi risiti, basi nunua daftari la kurasa 48, kila siku ya kliniki andika tarehe, kutoka wapi kwenda wapi, shilingi ngapi, jina na namba ya dereva, asaini. Umeanza kuchelewa ila rudi nyuma ukumbuke za nyuma wakati bado zipo kichwani. Kama wewe au mdogo wako mmeacha kazi kumuuguza mama, nalo liandike. Ile karatasi ya risiti inafutika maandishi haraka, piga picha zote leo jioni.

Turudi kwenye laki tano. Najua njaa ipo na madeni yapo, sio kazi yangu kukaa huku nikawaambia mkatae hela. Hela ya matibabu kutoka kwa dereva mnaweza kupokea, kinachoua ni maneno ya kwenye karatasi. Kama karatasi inasema "nimepokea kiasi hiki kama malipo ya mwisho na sitamdai tena" au "nimesamehe", hapo mmeuza mguu wa mama kwa laki tano. Mkitaka kupokea, karatasi iandikwe hivi kwa maneno ya kawaida: nimepokea shilingi laki tano kutoka kwa fulani, dereva wa gari namba fulani, ikiwa ni sehemu ya gharama za matibabu ya ajali ya tarehe fulani, na malipo haya hayazuii madai ya fidia dhidi yake, mwenye gari na kampuni ya bima. Akikataa kusaini maneno hayo basi mmeshajua laki tano ilikuwa ya nini. Hiyo mliyopokea itakatwa kwenye hesabu ya mwisho na ni haki.

Na yule mzee aliyekuja naye mpokeeni kwa heshima zote, mwambieni tumesikia, tunashukuru, tunasubiri mama apone na taratibu za bima ziende. Hamna haja ya kugombana, tena mwambie dereva ukweli kwamba bima ikilipa na yeye anapona, kwasababu la sivyo deni lote litamuangukia yeye na mwenye gari. Wengi wakielewa hapo wanaanza kushirikiana, wanawapa hadi nakala ya bima wenyewe.

Ukishakusanya, andika barua ya madai kwa kampuni ya bima, nakala kwa mwenye gari na dereva. Sio lazima iwe ya Kiingereza. Eleza ajali kwa ufupi, tarehe, mahali, namba ya gari na ya bima, majeraha, kiasi mnachodai kwa mchanganuo, ambatanisha nakala (nakala tu, orijino zibaki kwako) za PF3, taarifa ya polisi na mchoro, ripoti ya ukaguzi wa gari, hukumu, ripoti ya daktari, risiti, kitambulisho cha mama. Peleka kwa mkono, nenda na kopi ya ziada wakugongee muhuri wa kupokea na tarehe. Ule muhuri ndo ushahidi wako kwamba walijua. Madai ambayo yanakufa kimyakimya mengi ni yale ya "tuliongea na dada mmoja pale ofisini akasema atatupigia".

Watakuja na hoja. Moja watasema mama alivuka vibaya. Hata ikiwa kuna ukweli, haina maana hapati, sheria inaruhusu lawama kugawanywa, akionekana ana sehemu ya kosa fidia inapunguzwa kwa sehemu hiyo, haifutwi yote. Ya pili watasema gari ilikuwa mbovu au mteja wao hakuwaripotia ajali kwa wakati. Hizo ni ugomvi kati yao na mteja wao, masharti ya aina hiyo sheria haiyaruhusu yamnyime haki mtu aliyeumia, kampuni inamlipa mama kisha inamfuata mteja wake kwa wakati wake. Ya tatu watakupa ofa. Ofa ya kwanza karibu kila mara iko chini, na inakuja na karatasi inayoitwa dischaji vocha, ukisaini hiyo umefunga mlango kabisa, kwahiyo usisaini siku hiyohiyo, chukua nenda nayo nyumbani muisome na mtu anayejua. Kuna mama mmoja nilimshuhudia zamani, kampuni siitaji, aliweka dole gumba kwenye vocha akidhani anasaini kwamba amefika ofisini. Alikuwa na mtoto mgongoni na haraka ya basi. Kila nikiona vocha namkumbuka yeye.

Wakikaa kimya au wakikataa bila sababu ya maana, una njia. Unaweza kulalamika TIRA, wana ofisi za kanda, na kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya 2009 kwa ajili ya migogoro ya namna hii bila kupanda mahakamani. Ikishindikana ndo mahakama, na hapa sikiliza vizuri kwasababu watu wanapoteza kesi nzuri kwa kukosea mlango: unaowashtaki ni dereva na mwenye gari, hao ndo waliokukosea, ukipata hukumu dhidi yao ndipo sheria inailazimisha kampuni kuilipa, kwa sharti kwamba kampuni ilipewa notisi ya kesi mapema. Mpe notisi kwa maandishi kabla hujafungua kesi, muhuri tena, ili asije akasema sikujua. Na muda ni miaka mitatu tangu siku ya ajali kwa madai ya namna hii, ukipita umekwisha, na hesabu hiyo haisimami kwasababu mlikuwa mnaongea na kampuni. Wapo wanaowazungusha watu kwa maneno matamu mpaka mwaka wa tatu unaisha.

Wakili akikuchaji usichoweza, ulizia msaada wa kisheria, kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na wasaidizi wa kisheria wapo mpaka ngazi ya wilaya, uliza ustawi wa jamii halmashauri watakuelekeza. Ila wale vishoka wanaozunguka wodini na vituo vya polisi wanaokwambia "mnipe nakala za kila kitu nitafuatilia, tutagawana nusu kwa nusu" muwaogope, wengine wanachukua hundi na mgonjwa hajui kama ililipwa.

Nagusia na hali nyingine kwasababu najua mnaosoma sio nyote mna Noah yenye bima. Aliyegonga akiwa hana bima kabisa, madai yapo palepale ila mnamdai yeye na mwenye chombo kwa mali zao, na bodaboda nyingi ndo ziko hivi, mnashinda kesi alafu hakuna cha kukamata. Akigonga akakimbia na namba hamkuipata hapo ni pagumu, maana madai ya bima yanafuata gari inayojulikana, jirani zetu Rwanda wana mfuko maalum wa dhamana unaolipa watu waliogongwa na gari isiyojulikana au isiyo na bima, na mimi natamani sana na sisi tufike hapo kwasababu aliyegongwa na kukimbiwa anaumia kuliko wote. Ndo maana nawaambia watu, mtu akigongwa kabla hujaanza kurekodi video ya damu, piga picha namba ya gari na stika ya kioo.

Kama ni lori la nje, yale ya Zambia, Congo au Rwanda yanayopita hiyo barabara yenu ya Morogoro kila siku, uliza Kadi ya Njano, ile Yellow Card ya COMESA (jumuiya ya biashara ya nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), ndo bima ya mtu wa tatu ya magari yanayovuka mipaka, Tanzania tumo kwenye mpango huo hata baada ya kutoka COMESA, na madai yake yanashughulikiwa hapahapa nchini kupitia Shirika la Bima la Taifa, NIC, hamna haja ya kwenda Lusaka. Ila kimbieni haraka, lori likishavuka Tunduma dereva humpati tena. Gari ya serikali inahitaji notisi ya siku 90 kabla ya kushtaki. Na kama aliyegongwa alikuwa ametumwa na mwajiri wake, mfano mlinzi au mpeleka barua, aulize pia WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, haijalishi nani alikosea barabarani. Mtu akifariki wategemezi ndo wanadai chini ya sheria ya madai ya vifo vya ajali, Sura ya 310, anzeni na msimamizi wa mirathi Mahakama ya Mwanzo mapema.

Mwisho dada, kuna kitu umekitaja kwa haraka kimenikaa, umesema amewekewa vyuma. Muulize daktari siku ya kliniki ijayo kama vitatolewa au vitabaki, na kama vitatolewa ni lini na itagharimu kiasi gani pamoja na kulazwa na mazoezi ya mguu baada ya hapo. Muombe akuandikie kwenye barua yenye kichwa cha hospitali na muhuri, kwasababu operesheni ya pili haina risiti bado na bila ile barua hakuna atakayeihesabu, na nina uhakika hata yule dereva na laki tano zake hakuiwaza. Mkishaipata hiyo barua ndo muanze kutaja kiasi.